Mcheza Puli na Mabwana Wawili



Naomba nafasi katika sehemu yetu ya Kiswahili, si kwa shairi wala kwa habari za mechi za mabweni, bali kumaliza maneno ambayo kengele ya kulala ilinikatiza.

Muhula uliopita, Jumamosi moja usiku, chama chetu cha majadiliano kilikutana katika bwalo la chakula, na hoja ilikuwa hii: mchezaji wa kulipwa na awe huru kushiriki mashindano yoyote ayatakayo. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono, na mfano nilioushika ulikuwa mchezo wa puli. Tulishindwa kwa kura 18. Aliyetushinda hasa ni mwenzangu wa kidato cha sita, msemaji hodari, ambaye aliinuka mwishoni, akatukumbusha lile neno la Injili juu ya mtumishi na mabwana wawili, akaketi. Katika shule ya misheni, neno kama hilo likisha kutamkwa, kura zimekwisha hesabiwa. Nikabaki na karatasi yangu ya tarakimu mkononi, na kengele ikalia.

Nilikaa likizo nzima nikitafuta jibu, na sasa nadhani nimelipata. Lakini kwanza yafaa niwaeleze wasomaji jinsi mambo yalivyo, maana wengi waliopiga kura usiku ule hawakuyajua, na kosa lilikuwa langu, sikuyaeleza.

Najua wako watakaocheka kwamba mwanafunzi wa misheni aandika juu ya puli. Hapa kwetu Uganda meza ya puli imesimama katika kila kituo cha biashara, kando ya muuza chapati na mkata nywele. Unatia sarafu, mipira inateremka kwa kishindo, na vijana wanazunguka tangu saa tisa mpaka giza. Mapadre wetu hawaipendi, kwa kuwa meza nyingi zimewekwa penye pombe, nami siwalaumu. Lakini meza haina kosa, na mchezo wenyewe ni wa hesabu na utulivu kuliko michezo mingi tunayopewa vikombe.

Basi, mcheza puli wa kulipwa si kama mcheza kandanda wa kulipwa. Mwanakandanda ana klabu. Mwisho wa mwezi hupata mshahara, akiumia mguu klabu humtibu, na akiambiwa kwamba Jumapili asicheze kwingine ana sababu ya kutii, kwani Jumapili ile imekwisha nunuliwa. Mcheza puli hana hayo. Fimbo hununua mwenyewe, nauli ya ndege hulipa mwenyewe, chumba hulipa mwenyewe, na juu ya hayo yote hutoa kiingilio ili aruhusiwe kucheza. Katika mashindano makubwa ya US Open huko Marekani wameingia wachezaji 256 kwa mara moja. Anayeshindwa mara mbili mapema hurudi kwao na deni, wala hakuna wa kumwuliza amekula nini.

Juu ya wachezaji hao wako wakubwa wa namna mbili. Wa kwanza ni vyama. Kuna chama cha dunia kiitwacho WPA, kilichoanzishwa mwaka 1987, na chini yake vyama vya mabara, na chini ya hivyo vyama vya nchi. Chama ndicho chenye kutunga kanuni na kutoa kibali, na anayetaka kuvaa fulana ya taifa lake hana njia nyingine ila kupitia humo. Wa pili ni waandalizi, yaani wenye makampuni, ambao hutafuta fedha za televisheni na za wadhamini wakaweka zawadi mezani. Mashuhuri kati yao ni Matchroom ya Uingereza, kampuni iliyoanzishwa na Barry Hearn, yenye mfululizo wake wa mashindano ya mipira tisa uitwao World Nineball Tour. Vyama vina heshima na fedha kidogo. Makampuni yana fedha, na heshima wanaitafuta. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Ugomvi huu si wa jana. Mwaka 1999 dunia ilikuwa na mabingwa wawili wa mipira tisa. Mwezi wa saba, huko Cardiff katika nchi ya Wales, Efren Reyes wa Ufilipino alishinda mashindano ya Matchroom, akaitwa bingwa wa dunia. Mwezi wa kumi na mbili, huko Alicante katika Uhispania, Nick Varner wa Marekani alishinda mashindano ya WPA, naye akaitwa bingwa wa dunia. Ilikuwa aibu kwa mchezo, nakubali, na kama ningekuwa baba wa mtoto anayejifunza puli ningeshindwa kumwambia amwige nani. Lakini tazameni jinsi aibu ile ilivyoondoka. Haikuondoka kwa kumfungia Reyes wala Varner. Iliondoka wakubwa walipopatana: mwaka 2000 mashindano yakawa mamoja, yakachezwa Cardiff, akashinda Chao Fong-pang wa Taiwan, na ushindi wa Reyes wa mwaka uliotangulia ukaja kutambuliwa na chama. Wachezaji hawakuuanzisha ugomvi, na dawa yake haikuwa mikononi mwao.

Miaka ikapita, fedha zikaongezeka. Mwaka 2024 ubingwa wa dunia wa mipira tisa ulichezwa Jeddah katika Saudia, na mshindi, Fedor Gorst, akapata dola 250,000. Fedha zikiongezeka, na wivu huongezeka. Mwaka ule ule chama na kampuni wakakosana tena juu ya vibali, na kabla ya mashindano ya Matchroom ya Hanoi, katika Vietnam, mwezi wa kumi, wachezaji wa Asia walionywa kwamba atakayecheza mashindano yasiyo na kibali ajihadhari, huenda akafungiwa. Fikirini kijana wa Hanoi mwenyewe. Mashindano makubwa kupita yote yamekuja mpaka mlangoni kwake. Hahitaji ndege wala hoteli. Angeweza kwenda kwa pikipiki. Naye anaambiwa akiingia humo huenda asivae tena fulana ya Vietnam katika michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambako puli huchezwa kwa medali kama riadha. Wengi waliingia hata hivyo. Aliyeshinda alikuwa Mwasia, Johann Chua wa Ufilipino.

Tena mtu asidhani ni puli peke yake. Korea Kusini kuna biliadi ya mipira mitatu, ambayo meza yake haina mashimo. Mwaka 2019 kampuni moja ilianzisha ligi yake huko, iitwayo PBA, na chama cha dunia cha mchezo ule kikawafungia mlango waliojiunga nayo. Kati yao alikuwamo Frédéric Caudron wa Ubelgiji, aliyekuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia zaidi ya mara moja. Hakuiba, hakudanganya, hakuuza mechi. Alicheza biliadi ile ile, kwa fimbo ile ile, katika nyumba nyingine.

Sasa nimjibu mwenzangu juu ya mabwana wawili. Nasema kwamba neno lile ni la kweli, lakini halimhusu mcheza puli, kwa sababu hana hata bwana mmoja. Bwana ni nani? Ni yule amlishaye mtumishi wake. Bwana wa kweli, siku ambayo hana kazi ya kukupa, bado anakupa posho. Chama hakimlishi mchezaji, na kampuni haimlishi. Wote wawili humwekea sahani mbali, wakamwambia akimbie na wenzake 255, na atakayefika kwanza ale. Mtu wa namna hiyo si mtumishi. Ni kama mchuuzi wa soko, anayebeba ndizi zake mwenyewe kichwani. Mwenye soko ana haki ya kumtoza ushuru anapoingia. Hana haki ya kumwambia kwamba akionekana Jumatano katika soko la ng'ambo ya mto, asirudi hapa mwaka mzima.

Upande wa pili walisema neno moja zito ambalo sikulijibu vizuri, nalo ni hili: waandalizi ni watu wa kupita, na chama ndicho hubaki. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Wazee wa puli wanaukumbuka mwaka 2006. Mmarekani mmoja, Kevin Trudeau, alikuwa ameanzisha mashindano yake, International Pool Tour, akaahidi zawadi ambazo mchezo ule haukupata kuziona. Mwezi wa tisa mwaka 2006, katika mji wa Reno, Efren Reyes alishinda, na zawadi yake ilikuwa dola 500,000. Kisha wachezaji wakaambiwa kwamba fedha hazipo. Malipo yakaja kwa kuchelewa, vipande vipande, na ziara ile ikafa. Mpinzani wangu aliisoma habari hii kwa sauti ya ushindi, kana kwamba imemaliza kesi.

Mimi naona habari hiyo ni shahidi wangu, si wake. Wachezaji wale waliopunjwa Reno walikwenda wapi? Walirudi katika mashindano yao ya zamani, madogo, ya dola chache, wakaendelea kuishi. Kama vyama na waandalizi wengine wangekuwa wamewafungia kwa kosa la kwenda Reno, wangepoteza fedha walizoahidiwa na mkate waliokuwa nao. Mwandalizi anapoweza kufilisika wakati wowote, ndipo mchezaji ana haja kubwa ya kuwa na milango mingi. Asiyejua kuogelea hujifunga kwenye mtumbwi mmoja. Lakini je, mwenye mtumbwi wa pili amkate mkono kwa sababu hiyo?

Na mahakama zimesema nini? Hapa nilikuwa na karatasi yangu, sikupewa muda wa kuisoma. Mwaka 2001, mjini London, Stephen Hendry na Mark Williams, mabingwa wa dunia wa snuka, pamoja na kampuni moja, walikipeleka mahakamani chama cha snuka ya kulipwa. Chama hicho kilikuwa na kanuni kwamba mwanachama asicheze mashindano ya mtu mwingine bila idhini. Ndicho kilichotunga sheria za mchezo, na papo hapo ndicho kilichouza mashindano. Jaji hakuwapa wale wachezaji kila walichoomba, lakini kanuni ile aliibatilisha.

Miaka ishirini na miwili baadaye jambo lile lile likaamuliwa mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, safari hii juu ya mbio za barafuni. Waholanzi wawili, Mark Tuitert, aliyepata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2010, na Niels Kerstholt, walilalamika mwaka 2014 kwamba chama cha dunia cha mchezo wao kinaweza kumfungia hata maisha mtu akishiriki mbio zisizo na kibali. Tume ya Ulaya ikawapa haki mwaka 2017. Chama kikakata rufaa. Na tarehe 21 Desemba 2023 mahakama ikakikatalia. Haikusema kwamba chama kisitoe vibali. Ilisema kwamba anayetoa vibali, naye mwenyewe ana biashara ya mashindano, lazima afuate masharti yaliyo wazi na ya haki, yasiyompendelea yeye. Miaka tisa tangu malalamiko mpaka hukumu! Miguu ya mkimbiaji haingoji miaka tisa. Hata mkono wa mcheza puli, udumuo zaidi, haungoji.

Walakini sisemi kwamba mchezaji afanye kila apendalo. Mkataba ni mkataba. Mwezi wa kumi mwaka 2023 wacheza snuka watano, na kati yao Luca Brecel, bingwa wa dunia wa mwaka ule, walitaka kwenda kucheza Macau katika siku za mashindano ya Belfast. Wakuu wa ziara yao wakawaonyesha karatasi walizotia sahihi. Maneno yakawa mengi, mwishowe siku za Macau zikasogezwa, nao wakakubali kwenda Belfast. Katika jambo hilo mimi nawaunga mkono wakuu kuliko wachezaji, ingawa si kwa moyo mweupe, maana ningependa kujua ni wachezaji wangapi waliosoma karatasi ile kwa makini kabla ya kutia sahihi, na ni wangapi waliokuwa na njia nyingine ya kuishi kama wangekataa. Lakini angalau palikuwa na karatasi. Kule ambako hakuna mkataba, hakuna mshahara, kuna barua ya onyo tu, sioni mfungo unatoka wapi.

Tena natofautisha mambo mawili ambayo usiku ule yalichanganywa. Mashindano mawili yakiangukia siku moja, mchezaji atachagua moja na kulikosa jingine. Hilo ni sawa, tarehe yenyewe imemwadhibu: amekosa pointi, amekosa zawadi, ameshuka katika orodha. Sipingi hilo. Ninalopinga ni adhabu ya pili, ile inayokuja baada ya kuchagua, inayofunika na miezi ijayo ambayo haina mgongano wa tarehe wowote.

Chama nacho kina kazi ambayo hakuna kampuni itakayoifanya kwa furaha: kufundisha waamuzi, kupima madawa, kuwatafutia watoto meza isiyo katika baa. Kazi hiyo yahitaji fedha. Basi kitoze. Kimwambie mwandalizi, ukitaka kibali lipa kiasi hiki katika kila mashindano, na kalenda ya mwaka ujao ipangwe mapema, wote wakiwa meza moja. Mwandalizi akikataa kulipa, ashtakiwe yeye, azuiwe yeye, jina la ubingwa anyimwe yeye. Kwa nini mkono unaopita juu ya kichwa cha tajiri uangukie shavu la kijana aliyekuja na fimbo yake?

Nimefika sasa katika jambo ambalo sikulisema usiku ule. Niliona haya.

Kaka yangu mkubwa ni fundi wa pikipiki mchana, na jioni hucheza puli. Tangu baba alipofariki yeye ndiye anilipiaye karo. Mwaka jana timu yake ilikuwa na mechi ya ligi ya mji, Jumamosi, mechi ya pointi isiyo na senti. Jumamosi hiyo hiyo, kilomita kumi na mbili kutoka pale, mwenye duka mmoja alikuwa ameweka shilingi 400,000 kwa mshindi na 150,000 kwa wa pili. Nyumbani mezani palikuwa na barua kutoka shuleni, kwamba wenye deni hawataketi katika mtihani wa majaribio. Kaka alimpelekea nahodha habari tangu Alhamisi, na nahodha akapata mtu mwingine. Alikwenda kwa mwenye duka, akawa wa pili. Jumatatu nilileta shilingi 150,000 kwa bwana fedha, nikaandikiwa stakabadhi, nikaketi katika mtihani. Timu, kwa habari yenu, ilishinda bila yeye.

Wiki iliyofuata kamati ya ligi ilimwandikia kwamba amefungiwa msimu mzima kwa kucheza mashindano yasiyotambuliwa. Barua ina mhuri mzuri. Kamati hiyo haijapata kumpa kaka yangu hata soda. Kaka hakukata rufaa. Alisema rufaa ina ada, na ada ile ni sawa na wiki mbili za kuziba matairi. Msimu umekwisha, lakini kanuni bado imeandikwa, na msimu mpya unaanza mwezi wa pili.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nawaelekeza wanafunzi wa zamani. Nimesoma katika kurasa zenu za habari kwamba baadhi yenu mmo katika kamati za michezo za wilaya, wengine ni mawakili, na mmoja ana meza tatu. Kabla ya mwezi wa pili fungueni daftari za kanuni za ligi zenu mtazame kama mna kifungu cha namna hiyo. Kikiwamo, kifuteni, au andikeni chini yake ni shilingi ngapi mtakazomlipa mchezaji kwa kila Jumamosi mnayomfungia. Kaka asema hata 20,000 angekubali. Fimbo yake imefungwa katika kanga ya mama, iko juu ya kabati, na chaki imo ndani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita